Anguko la Tatu

Usiku wa pili wa msiba mvua ilinyesha Kyimo
kama inavyonyesha siku zote, bila kuuliza kafa nani:
juu ya migomba, juu ya turubai la kanisa,
juu ya masufuria ya wapishi waliokuwa wakigombana na kuni mbichi.

Lusekelo alikuja na jenereta la kuazima na shuka jeupe,
akasimama mlangoni akijikuna shingo.
"Shangazi, watu wanaomba. Ile picha."
Mchungaji akatazama viatu vyake.
Shangazi Tupokigwe akashusha khanga usoni.
"Washeni. Mwenyewe asingevumilia ukimya huu."

Basi tukamwona tena Andimile Mwasomola,
yule ambaye nchi nzima ilimwita Sindano:
shingo ya korongo, koti lililokatwa kwa mtu mnene,
suruali imefungwa kwa kamba ya mgomba.
Picha haina rangi. Hata Rungwe kule nyuma ni moshi juu ya moshi.

Kisa chenyewe unakijua.
Mtu anapeleka mkungu wa ndizi ukweni
kwa baiskeli isiyo na breki,
na njia yote ni mteremko, na kila anayekutana naye
ana njaa, au ana mgonjwa, au ana undugu wa mbali.
Anaanguka mara ya kwanza kwenye tope, mara ya pili kwenye harusi ya watu.
Anafika na kikonyo kitupu.

Lakini watu hawaji kwa ajili ya kikonyo.
Wanangoja anguko la tatu, pale penye mibuni:
kuku anaruka, baiskeli inapaa, Sindano anatua
kama gunia lililokataliwa na mzani wa ushirika,
kisha anainuka, anawakuta wakwe wamesimama,
na anavua kofia kuwasalimu
kwa mkono wa kushoto.

Wa kushoto! Ukweni!
Kuanzia Tukuyu hadi Makambako watoto walichapwa kwa kuiga.
Gazeti moja liliandika kwamba ni kejeli nzito dhidi ya mila.
Mwalimu wetu alituandikia ubaoni: *kejeli*.

Mimi nilikuwa na miaka tisa, nimechuchumaa ndani ya mibuni,
kuku kwapani, moyo wake ukipiga kwenye mbavu zangu.
Niliambiwa: leso ikidondoka, mwachie.
Leso haikudondoka. Alininyea tu, nikamwachia.

Ule mlio unaosikia hapo, kabla ya kicheko,
si wa kuku.
Mtulinga wake wa kulia ulivunjika vipande viwili.
Mkono haukunyanyuka, akanyanyua uliobaki,
na mwenye kamera akapiga kelele, "Hiyo hiyo! Usiguse kitu!"

Hospitalini Itete walimuuliza ilikuwaje.
"Utelezi," alisema.
Hakumwambia mtu mwingine neno jingine,
ila kila Krismasi, miaka thelathini na mitatu,
nililetewa yai moja limefungwa kwenye gazeti
na karatasi yenye mwandiko wa kupinda:
*Kutoka kwa mwenzetu wa kazi.*

Sasa chini ya turubai anaanguka tena.
Wazee wanashika mbavu. Mchungaji anafuta miwani ambayo haijalowa.
Kofia inapovuliwa, mikono ya kushoto inainuka,
msitu wa mikono, mmoja bado umeshika kijiko cha wali,
na mimi wa kwangu nimeukalia.

Pale anapobisha hodi na kikonyo chake,
jenereta likakohoa, likazima.
Mlango wa wakwe haukufunguka.
Giza, mvua, watu wakicheka kwa chini na kupenga kamasi.

Nikasikia kiti kikisogezwa karibu yangu,
harufu ya khanga na moshi.
"Yule kuku," Shangazi akaniuliza, taratibu, "mlimla?"

"Hapana, Shangazi. Alitaga mpaka akazeeka."

"Ndaga," akasema,
akatafuta mkono wangu gizani, akaupata ule niliokuwa nimeukalia.